Sakafu Iliayo na Sakafu Inesayo

Sakafu ya mbao katika orofa ya juu yaweza kuwa na maradhi mawili, na watu wengi huyachanganya yakawa kama moja. Ya kwanza ni kulia: mtu akanyagapo ubao, husikika sauti ya kukwaruza, au ya kualika kama kuni mbichi motoni. Ya pili ni kunesa: mtu apitapo, sakafu nzima hubonyea na kuinuka tena, vikombe vikagongana kabatini na maji yakacheza ndani ya ndoo. Sakafu yaweza kulia mchana kutwa na huku ni imara. Nyingine yaweza kuwa kimya kabisa na huku ncha za boriti zake zimeoza ukutani. Nimeishi na maradhi yote mawili kwa muda wa miaka miwili. Kwa kuwa najua wako wasomaji wengi wakaao mijini juu ya vichwa vya wenzao, wengine katika nyumba walizorithi na wengine katika nyumba za kupanga kama mimi, nimeona yafaa niandike niliyojifunza, ingawa mimi ni karani tu, na msumeno niliushika mara ya mwisho shuleni.

Serikali ilinihamisha kutoka bara kuja Mombasa, nami nikapata vyumba vitatu vya juu katika nyumba ya zamani huko Mji wa Kale, mtaa wa Kibokoni. Mwenye nyumba ni bibi mjane aliyepita umri wa miaka sabini, naye hukaa chini. Juu hukaa mke wangu, watoto wetu watatu na mimi. Nyumba yenyewe ni ya namna iliyojengwa Mombasa mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, roshani ya mbao ielekeayo njiani, ngazi yenye mwinuko mkali, na sakafu ya juu ya mbao za msaji zilizopigiliwa misumari juu ya boriti za msaji zilizochongwa pande nne.

Hiyo si namna ya kale kabisa ya pwani. Katika nyumba za mawe za kale, kama zile za Lamu, sakafu ya juu haina ubao hata mmoja. Boriti za mikoko hupangwa karibu karibu, juu yake huwekwa vipande vya mawe ya matumbawe, kisha chokaa hutiwa na kupigwa mpaka ikashikana. Sakafu ya namna hiyo hailii, maana haina misumari wala mbao za kusuguana. Lakini mkoko una kiasi chake cha urefu, na kwa sababu hiyo vyumba vile ni vyembamba, upana wa kama mita mbili na nusu hadi tatu, hata viwe virefu namna gani. Majahazi yalizichukua boriti hizo mpaka Uarabuni na nchi za Ghuba, na huko nako vyumba vikafuata upana wa miti ya Afrika Mashariki. Zilipokuja mbao ndefu za kupasuliwa, watu wakapata vyumba vipana; na pamoja na upana wakapata kunesa.

Chumba chetu kikubwa kina upana wa futi 14 na urefu wa futi 16. Boriti saba huvuka upana huo, kila moja ikiwa inchi 6 kwenda chini na inchi 2 unene, na kati ya boriti na boriti kuna futi mbili. Nawaomba wasomaji wazikumbuke hesabu hizo, maana nitazirudia.

Lililonifanya nilishughulikie jambo hili lilikuwa usingizi wa Bibi. Kitanda chake kiko chini ya chumba chetu kikubwa, naye alijua mambo yetu yote ya usiku. Mtoto wetu wa mwisho alipokuwa akiota meno, mama yake alikuwa akitembea naye huku na huko tangu saa saba mpaka alfajiri, na kila hatua ilikuwa juu ya uso wa Bibi. Asubuhi nikishuka kwenda kazini, nilimkuta akikung'uta vumbi la chokaa katika chandarua chake. Nilimwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Hamkulala. Na mimi sikulala." Hakusema zaidi ya hayo, na hakuwahi kutugombeza. Maneno hayo machache yalinilemea kuliko kama angalipiga kelele.

Tukawafundisha watoto kunyata. Mke wangu akatandika mikeka miwili miwili. Tukaacha kukaribisha wageni baada ya magharibi. Nadhani mtu asiyepata kuishi hivyo hawezi kujua jinsi inavyochosha, kuwaambia watoto "taratibu" tangu asubuhi hata usiku, na kuona mtoto wa miaka minne akivuka chumba cha baba yake kama mwizi.

Kisha akaja mpwa wa Bibi, ambaye ana biashara yake ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Yeye alikuwa na shauri lake: mbao zote zing'olewe, iwekwe sakafu ya zege, na mambo yaishe. "Shangazi," alimwambia, "zege halilii." Katika hilo alisema kweli. Lakini kazi hiyo ingetaka sisi tuhame, na Bibi mwenyewe ahamie kwa mpwa wake kwa miezi isiyojulikana, naye aliingia nyumba ile akiwa bibi arusi na hajalala kwingine ila kwa safari. Isitoshe, nyumba ikiisha kuwa na sakafu mpya, kodi yake isingekuwa tena kodi ya karani. Bibi alinitazama, nami nikaona kwamba anataka niseme neno.

Siku ile sikuwa na neno. Nilichokuwa nacho ni kalamu, na jioni nilikaa nikapiga hesabu. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa tani mbili na zaidi, karibu tani mbili na nusu. Sakafu ya zege ya unene wa sentimita 15 katika chumba kama chetu ingekuwa na uzito uzidio tani saba. Sakafu ya mbao iliyopo, pamoja na boriti zake zote, haifiki hata tani moja. Uzito wote huo mpya ungewekwa juu ya kuta za matumbawe na chokaa ambazo kwa miaka mia na zaidi zimezoea kubeba mbao. Mpwa wa Bibi alijibu kwamba sakafu za chokaa za wazee nazo zilikuwa nzito, na kuta zikazibeba. Ni jawabu la haki. Lakini wazee wale walijenga kuta tangu msingi wakijua zitabeba nini, na vyumba vyao vilikuwa vyembamba. Mwenye kutaka zege juu ya kuta za kale yampasa kwanza amwite mhandisi azitazame kuta na misingi, na asiridhike na neno la mwenye kuuza saruji. Bibi akakata shauri: mbao zipewe nafasi ya mwisho kabla ya zege.

Tukamwita fundi seremala, mzee wa mtaa wa pili, ambaye ametengeneza milango na roshani za Mji wa Kale tangu ujana wake. Nilidhani atapanda juu na nyundo. Badala yake alikwenda nje, akasimama njiani akitazama ukuta wa nyumba tangu paa mpaka chini. Akanionyesha alama ya kijani iliyoteremka kutoka kwenye mfereji wa bati wa paa hadi usawa wa sakafu yetu. Mfereji ulikuwa umetoboka, na kila masika maji yalikuwa yakinywewa na ukuta mahali pale ambapo ncha za boriti zimeingia. Akasema, "Bwana Karani, kwanza tuzibe maji. Nikitia mbao mpya katika ukuta mbichi, nitakuwa nawalisha mchwa."

Ndani alitaka kisu tu. Alipanda ngazi chini ya dari ya chumba cha Bibi, akachoma kila boriti karibu na ukuta, kila upande. Boriti nzuri hukataa kisu. Hupokea ncha tu na kutoa mlio mkavu. Sita zilikataa. Ya saba, ile ya upande wa roshani, ilimeza kisu mpaka mpini. Ile haikuwa msaji hata kidogo. Mtu fulani zamani aliondoa boriti ya asili akatia mbao nyeupe laini, akaipaka rangi ikafanana na nyingine. Mchwa walikuwa wamepanda ndani ya ukuta kwa njia zao za udongo, na katika inchi nane za mwisho palikuwa pamebaki rangi na unga. Nilipoona vile nilikumbuka kwamba kitanda cha watoto kilikuwa juu yake, nikakihamisha usiku ule ule.

Baada ya kisu akataka kupima. Alivuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta chini ya kila boriti, tukaona kwamba boriti za katikati zimeinama robo tatu ya inchi hata pasipo mtu juu. Kisha alisimamisha fito sakafuni kwa Bibi, ncha yake akaipaka chaki, akaiacha chini ya boriti kwa nafasi ya robo inchi, akaniambia nipande juu nitembee mwendo wangu wa kawaida. Niliposhuka, boriti ya katikati ilikuwa na alama ya chaki: ilikuwa imeshuka robo inchi kwa uzito wangu peke yangu. Ile mbovu ilishuka nusu inchi. Watu wengi wa ujenzi, hasa Marekani, hufuata kanuni kwamba boriti ya sakafu isipinde zaidi ya sehemu moja ya 360 ya urefu wake ikiwa na mzigo wake wote wa watu na vyombo. Kwa futi 14, hiyo ni kiasi kisichofika nusu inchi, nayo ni kwa chumba kilichojaa. Boriti yetu mbovu ilivuka mpaka huo kwa karani mmoja asiye mnene.

Tena palikuwa na mapipa. Wenye kukaa Mombasa wanajua habari za maji ya mfereji. Huja siku yatakayo, na kila nyumba ina akiba. Sisi tulikuta mapipa matatu katikati ya chumba kikubwa, karibu na mlango wa maliwato, na Bibi alituambia yamekuwapo tangu wapangaji wa kwanza. Pipa moja huchukua lita 200, na lita moja ya maji ni kilo moja. Basi mapipa matatu yakijaa ni kilo 600, karibu sawa na uzito wa mbao zote za sakafu ile, na yote yaliwekwa mahali ambapo boriti ni dhaifu kuliko pote. Mti uliobeba mzigo mzito miaka mingi hupinda pole pole ukakaa vivyo hivyo hata mzigo ukiondolewa. Mapipa mawili tuliyateremsha uani. La tatu tuliliweka pembeni kabisa, limegusa ukuta, maana mzigo ulio karibu na ukuta haupindi boriti, ukuta ndio uubebao. Kazi hiyo haikugharimu hata senti, nasi siku ile ile tuliona vikombe vimepunguza kugongana. Makabati mazito, vitabu, magunia ya mchele na mitungi, vyote yafaa vikae karibu na ukuta, na hasa penye ncha za boriti.

Hapo ndipo pakaja swali la dawa ya kunesa. Dawa rahisi na yenye nguvu kuliko zote ni kupitisha mhimili mmoja katikati, chini ya boriti zote, ukisimama juu ya nguzo. Boriti ya futi 14 ikipata egemeo katikati huwa kama boriti mbili za futi saba, na boriti iliyopunguzwa urefu kwa nusu hupinda sehemu moja ya nane tu ya kupinda kwake kwa kwanza kwa mzigo ule ule wa katikati. Fundi alipomweleza Bibi, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na hiyo nguzo itasimama wapi?" Fundi akaonyesha mahali, karibu na kitanda. Bibi akasema, "Chumba changu si soko." Shauri la nguzo likaishia hapo.

Basi ikabaki dawa ya pili, kuunga kila boriti mbao mpya ubavuni. Nataka kukaa kidogo katika jambo hili, maana ndipo watu wapotezapo fedha. Wengi hudhani nguvu ya boriti ni unene wake. La. Ukizidisha unene mara mbili, ukakamavu wake huzidi mara mbili tu. Lakini ukizidisha kina chake, yaani kipimo chake kutoka juu kwenda chini, mara mbili, ukakamavu huzidi mara nane. Ndiyo sababu ubao uliolazwa huinama chini ya mtoto, na ubao ule ule ukisimamishwa kwa ubavu humchukua mtu mzima. Kama tungalitumia mbao mpya za 6 kwa 2, sawa na za zamani, kila boriti ingalipata ukakamavu mara mbili. Dari ya Bibi ni ndefu na haidhuriki kwa inchi mbili, kwa hiyo tulinunua mbao za mvule za 8 kwa 2. Ubao wa inchi 8 peke yake, ukiwa wa mti wa ugumu ule ule, ni mkakamavu zaidi ya mara mbili kuliko wa inchi 6. Ukiunganishwa na ule wa zamani, jumla inapita mara tatu. Tofauti ya bei kati ya mbao za 6 na za 8 ilikuwa ndogo kuliko nauli ya kuzileta.

Kazi ilichukua siku kumi na moja. Mfereji wa paa ulizibwa kwanza, na ukuta ukaachwa ukauke tangu mwisho wa masika mpaka kusi ilipokuwa imevuma wiki kadhaa. Njia za mchwa zilivunjwa na dawa ikatiwa na mtu mwenye ujuzi wa dawa hiyo, sisi tukiwa nje. Kisha fundi akaleta jeki ya gari, akaiweka chini juu ya ubao mpana ili isitoboe sakafu ya Bibi, na juu yake gogo lililofika hata boriti. Aliinua thumuni ya inchi asubuhi na thumuni jioni, hakuzidisha. Nilipomwuliza kwa nini asimalize mara moja, alinionyesha lipu ya ukuta. Sakafu iliyoinama kwa miaka hamsini ikiinuliwa kwa saa moja, kuta na milango hupasuka.

Kuingiza ubao mrefu katika kuta mbili kulinishangaza, maana ubao unapita upana wa chumba. Tundu la upande mmoja lilichimbwa kwa kina zaidi. Ubao ukaingizwa humo mshazari, ukanyoshwa, kisha ukarudishwa nyuma mpaka ukakalia tundu la upande wa pili. Chini ya kila ncha fundi alilaza kipande cha karatasi ya lami kuzuia unyevu, na kandokando akaacha nafasi ndogo ya hewa. Matundu yalijengwa tena kwa chokaa, kwa sababu saruji ni ngumu kuliko matumbawe na hufunga unyevu ndani ya ukuta. Mbao ziliunganishwa na boriti za zamani kwa gundi na bolti, moja juu na moja chini, kila futi moja na nusu. Ile boriti ya saba iliondolewa yote, na badala yake zikaingia mbao mbili mpya.

Mwisho alikata vipande vya mbao, akavikaza kati ya boriti na boriti kwa safu mbili, vikikingama kutoka ukuta mmoja wa chumba hadi wa pili. Vipande hivyo havibebi uzito kwenda ukutani. Kazi yake ni kwamba boriti moja ikikanyagwa, jirani zake nazo zishuke pamoja nayo na kusaidia. Na boriti zenyewe zisilale ubavu. Lazima vikae kwa kubana, maana kipande kilicholegea hakifanyi kazi ila kuongeza kelele.

Fundi alirudisha ile fito yenye chaki kwa nafasi ile ile. Nikatembea, kisha nikatembea na mtoto mabegani, kisha mpwa wa Bibi, aliyekuwa amekuja kutazama, akapanda mwenyewe na kupiga mguu. Ncha haikugusa.

Lakini sakafu ilikuwa ingali inalia! Kwa hakika ilionekana kulia zaidi, kwa kuwa ilikuwa imeinuliwa na misumari yake kuvutwa. Mke wangu alicheka sana. Hapa ndipo nilipoelewa kwamba ni maradhi mbalimbali. Ubao hunywa unyevu wakati wa masika ukavimba, na wakati wa kaskazi hukauka ukanywea. Msumari haubadiliki. Baada ya miaka mingi ya kuvimba na kunywea, tundu la msumari hupanuka, na ubao huinuka juu ya boriti kwa nafasi isiyozidi unywele. Mguu ukikanyaga, ubao hushuka ukisugua msumari, au ukisugua ubao jirani, na huko kusugua ndiko kuliako. Ndiyo maana kelele huzidi miezi ya Januari na Februari, na katika mvua watu hudhani sakafu imepona.

Kupiga msumari ule ule tena kwa nyundo ni kazi bure. Utakaa kimya wiki mbili. Dawa ni skrubu, maana hiyo huvuta ubao chini na kuushika. Lakini kwanza ni lazima kujua mahali hasa panapolia, na sauti katika nyumba ya mbao hudanganya sana. Aliye juu husikia inatoka huku, nayo inatoka kule. Hapo Bibi alitusaidia kuliko fundi. Alisimama chini akiwa na fagio refu, na binti yetu mkubwa akatembea juu pole pole na chaki mkononi. "Hapo!" Bibi aliita. "Rudi nyuma. Tena. Hapo hapo." Naye aligonga dari kwa mpini wa fagio, mtoto akatia alama ya msalaba. Alikuwa amezisikiliza sauti zile miaka mingi, na mbao nyingine alizijua kwa siku zilizoanza kulia. Tulipata misalaba 43 katika chumba kimoja. Watoto waliambiwa wakanyage kwa nguvu, na sijaona siku waliyotii kwa furaha kama ile.

Skrubu zilikuwa za inchi mbili na nusu, zilizopakwa zinki, kwa kuwa hewa ya bahari hula chuma kitupu. Msaji wa zamani ni mgumu na hupasuka, hivyo kila skrubu ilitobolewa njia kwanza, na kichwa chake kikazamishwa kidogo, kisha kikafunikwa kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Mstari wa misumari ya zamani huonyesha boriti iko wapi. Skrubu iliyokosa boriti haina faida yoyote. Tena mtu ajue kwanza nyaya za umeme na mabomba ya maji yamepita wapi. Kwetu waya wa taa ya Bibi ulikuwa umelazwa ubavuni mwa boriti ya tatu, na tuliuona kwa sababu dari ilikuwa wazi.

Penye ufa kati ya ubao na boriti, fundi alifanya kazi kutoka chini kwa kabari nyembamba iliyopakwa gundi. Aliisukuma kwa kidole gumba, akaigonga mara moja tu. Kabari ikipigwa sana huinua ubao, na pale palipokuwa na kelele moja patakuwa na mbili. Mbao zilizosuguana zenyewe kwa zenyewe tulizinyunyizia poda ya watoto katika nyufa na kukanyagakanyaga mpaka ikaingia. Hiyo si tiba ya kudumu, huisha baada ya miezi michache, lakini kwa mpangaji asiye na ruhusa ya kutoboa sakafu ya mwenyewe ni msaada mkubwa kwa fedha kidogo.

Siku tatu baada ya fundi kuondoka, mtoto aliugua homa, na mama yake akatembea naye tena usiku. Asubuhi nilimkuta Bibi akinywa kahawa mlangoni. Nikamwamkia, nikamwomba radhi kwa usiku ule. Aliuliza, "Kwani kulikuwa na nini?" Nilipomwambia mtoto alikuwa mgonjwa, alikasirika kwamba hakuitwa.

Gharama zote, mbao, bolti, skrubu, dawa ya mchwa na ujira wa mafundi, zilikuwa kama kodi yetu ya miezi saba. Nilikopa katika chama chetu cha ushirika kazini, na Bibi akakubali nusu ya kodi ikatwe kila mwezi mpaka deni liishe, mimi nikibeba kidogo kwa hiari yangu. Tuliandika katika daftari mbili, moja yake na moja yangu, na mpwa wake akatia sahihi kama shahidi. Kwa mpangaji atakaye kufanya kazi kama hii, nasema aandike kabla ya msumari wa kwanza kung'olewa.

Chumba cha nyuma bado kinalia. Boriti zake ni fupi, futi tisa tu, hazinesi, na kisu kimezikuta nzima, kwa hiyo hatukuona sababu ya kuharakisha. Fundi amesema atakuja mwezi wa Februari, wakati mbao zimekauka na kila ufa uko wazi, na Bibi amekwisha kuweka fagio lake nyuma ya mlango.